Julius Nyerere

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu na Rais wa kwanza wa Tanzania.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali yake iliamua wasomi walitumikie taifa kwa lazima miaka miwili, muda mwingi wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba, baadhi wakidai heri ukoloni. Nyerere alikasirika, akafukuza karibu 400. Hata hivyo hoja yao kuhusu mishahara minono ya viongozi haikupotea bure: papo hapo alipunguza wake kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.