Adam Smith: Mwalimu wa Balagha Aliyeandika juu ya Utajiri wa Mataifa

Jina la Adam Smith hutajwa aghalabu katika madarasa ya uchumi na katika mijadala ya sera za serikali. Wanaomsifu humwita baba wa soko huria. Wanaomlaumu humtwika lawama za kila dhuluma iliyotendwa kwa jina la soko hilo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuchapisha lolote juu ya bei, ujira na kodi, Smith alikuwa mwalimu wa balagha na fasihi. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa ufupi, na yanashikilia kwamba asiyemjua Smith mwalimu wa lugha hawezi kumwelewa vyema Smith mwanauchumi.

Smith alizaliwa mwaka wa 1723 katika mji mdogo wa bandari wa Kirkcaldy, Uskoti. Baba yake, aliyekuwa afisa wa forodha, aliaga dunia miezi michache kabla ya mtoto kuzaliwa. Malezi yakawa mikononi mwa mama, Margaret Douglas. Smith hakuoa, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na mama huyo, hadi alipofariki mwaka wa 1784.

Mnamo mwaka wa 1737, akiwa na umri wa miaka 14, alijiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow. Huko alimpata mwalimu aliyemwathiri mno, Francis Hutcheson. Wakati huo Kilatini ndiyo iliyokuwa lugha ya mihadhara. Hutcheson alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiweka kando na kufundisha falsafa kwa Kiingereza. Ikumbukwe kwamba Kiingereza sanifu nacho hakikuwa lugha ya nyumbani kwa Waskoti wengi, ambao walizungumza Kiskoti. Hata hivyo, hatua hiyo iliisogeza elimu karibu na watu wa kawaida, na mwanafunzi huyo hakuisahau.

Mwaka wa 1740 alipata ufadhili wa kwenda Chuo cha Balliol, Oxford, alikokaa miaka sita. Hakupendezwa. Baadaye aliandika kwamba wengi wa maprofesa wa huko walikuwa wameacha hata kujisingizia kuwa wanafundisha, kwa kuwa mishahara yao haikutegemea juhudi zao. Alichokipata Oxford alikipata maktabani, kwa kujisomea mwenyewe.

Aliporudi Uskoti hakuwa na kazi. Kuanzia mwaka wa 1748 alitoa mihadhara ya hadhara mjini Edinburgh juu ya balagha na fasihi. Msimamo wake ulikuwa wa kijasiri. Wataalamu wa kale walikuwa wameorodhesha tamathali za usemi kwa makumi, kana kwamba uzuri wa lugha umo katika mapambo hayo. Smith alikataa. Kwake yeye, lugha huwa nzuri pale inapowasilisha wazo waziwazi pamoja na hisia ya msemaji, hivi kwamba msikilizaji aweze kujitia katika nafsi yake. Mihadhara hiyo ilimpa sifa, na mwaka wa 1751 akateuliwa kuwa profesa wa mantiki huko Glasgow, kisha wa falsafa ya maadili mwaka uliofuata.

Wazo hilo la kujitia katika nafsi ya mwingine ndilo lililozaa kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1759, kuhusu nadharia ya hisia za kimaadili. Humo anaeleza kwamba mwanadamu hujifunza wema kwa kujitazama kwa macho ya mtazamaji asiyependelea upande wowote. Katika kitabu hichohicho aliwashutumu vikali wafanyabiashara ya watumwa, akiwaona Waafrika waliouzwa kuwa na utukufu wa moyo ambao mabwana zao wasingeweza hata kuufahamu.

Mwaka wa 1764 aliacha uprofesa ili awe mwalimu wa kijana wa ukoo wa kikabaila, Mtawala wa Buccleuch, kwa malipo ya pauni 300 kwa mwaka na kiinua mgongo cha maisha. Walisafiri Ufaransa na Geneva. Huko alikutana na Voltaire, na mjini Paris akajadiliana na wanauchumi kama Quesnay na Turgot. Aliporejea alijifungia Kirkcaldy kwa miaka kadhaa akiandika.

Matunda ya kazi hiyo yalichapishwa London mnamo Machi 9, 1776: kitabu kuhusu asili na sababu za utajiri wa mataifa. Kinaanza na karakana ya pini, ambamo wafanyakazi kumi, kwa kugawana kazi, huweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku. Waama, mfano huo ni wa mwalimu wa balagha: kitu kidogo ambacho kila msomaji anakijua kinabeba hoja nzito. Isitoshe, Smith anadokeza kwamba tabia ya binadamu ya kubadilishana bidhaa huenda ikawa imetokana na uwezo wake wa kufikiri na kusema. Kwa maneno mengine, soko ni mahali pa kushawishiana.

Bahati mbaya, umma umekikumbuka kitabu hicho kwa istiari moja tu, ile ya mkono usioonekana, ambayo humo imetumika mara moja pekee. Yamesahaulika mengine: kwamba waajiri huungana kimyakimya ili kudunisha ujira, kwamba kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliwaangamiza iliowatawala, kwamba kurudia kazi ileile maisha yote humpumbaza mfanyakazi, na kwa hiyo dola haina budi kusaidia elimu ya watoto wa maskini. Si ajabu basi kwamba katika Afrika ya miaka ya 1980 na 1990, wakati wa sera za kurekebisha uchumi, jina lake lingeweza kunasibishwa na ugavi wa gharama shuleni ilhali yeye mwenyewe alitaka karo iwe ndogo kiasi cha kumudiwa hata na kibarua.

Mwaka wa 1778 aliteuliwa kamishna wa forodha mjini Edinburgh. Aliposoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku, aligundua kuwa nyingi ya nguo zake mwenyewe zilikuwa humo, naye akazichoma moto. Smith alifariki Julai 17, 1790. Siku chache kabla, aliwaagiza marafiki zake Joseph Black na James Hutton wateketeze miswada yake, na karibu yote ikateketezwa.

Mihadhara ya balagha ingepotea daima lau si mwanafunzi mmoja aliyehudhuria darasa la Glasgow mwaka wa 1762 na 1763 na kunakili aliyoyasikia. Madaftari hayo yalipatikana Aberdeen mwaka wa 1958, yakachapishwa 1963. Kwa hivyo, nusu ya Smith tunayemjua leo tumeokolewa na maandishi ya mwanafunzi.

Hapa ndipo maisha haya yanapotugusa. Nchini Kenya, Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa katiba ya 2010, lakini uchumi bado hufundishwa vyuoni kwa Kiingereza. Mwananchi hulipa kodi kwa sera zilizojadiliwa katika lugha asiyoimudu, naye hushawishiwa kwa istiari ambazo hajapewa nafasi ya kuzipima. Kazi ya kuzipima ni yetu, sisi wanafunzi wa lugha. Tuanze kwa kutafsiri sura ile ya Smith juu ya elimu ya watoto wa maskini, kisha tuwakaribishe wenzetu wa idara ya uchumi tuijadili pamoja, kwa Kiswahili.