Padre Gregor Mendel na Maua ya Porini Yaliyomshinda

Wengi wetu tulimfahamu Padre Gregor Mendel darasani, katika somo la biolojia, kama mtawa wa njegere. Leo tunatazama upande wake usiosimuliwa sana: miaka aliyohangaika na maua ya porini.

Alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima huko Heinzendorf, kijiji ambacho leo kimo nchini Ucheki. Mwaka 1843 alijiunga na monasteri ya Waagustino mjini Brno, akapewa jina la kitawa Gregor. Alipata upadre mwaka 1847. Mtihani wa ualimu ulimshinda mara mbili, lakini aliendelea kufundisha.

Kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda maelfu ya mijegere. Kazi ilitaka kuwahi: aliondoa stameni kabla ua halijafunguka, kisha akapaka chavua ya ua jingine. Zambarau ilipochanganywa na nyeupe, kizazi cha kwanza kilitoa zambarau tupu. Katika kizazi cha pili nyeupe ilirudi, takriban moja kwa kila tatu za zambarau. Alichapisha matokeo mwaka 1866, na wachache mno wakajali.

Ili kupima kanuni yake aligeukia Hieracium, mmea wa porini wenye maumbo mengi. Waumini wa Saza, mkoani Songwe, wanamjua ndugu yake: kishonanguo, yule anayeng'ang'ania nguo tukitoka shambani. Kinachoonekana kuwa ua moja ni kundi la viua vidogo vingi, vinavyofunguka kwa zamu kutoka pembeni kuelekea katikati. Mendel alipaswa kukiwahi kila kiua kabla chavua yake haijatoka, kwa sindano na lenzi. Mwaka 1869 macho yakaumia, ikambidi apumzike.

Tena matokeo yalimpinga. Watoto wa machotara hawakugawanyika kama njegere. Walifanana na mzazi wao. Hakuyaficha. Mwaka huohuo aliwasomea wanasayansi wa Brno jinsi yalivyokuwa, ingawa yaliitia shaka kazi yake ya miaka mingi.

Wakati huo alikuwa abate tangu 1868, na shughuli za monasteri, pamoja na mgogoro mrefu wa kodi na serikali, zilimwondoa bustanini. Alifariki Januari 6, 1884, siku ya Epifania. Mwaka 1900 kanuni yake iligunduliwa upya. Muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba Hieracium nyingi hutoa mbegu bila utungisho, hivyo mche huwa nakala ya mama. Kanuni haikuwa na kosa; mmea ulikuwa na njia yake.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre, nanyi wanaparokia mnaotuombea, tujifunze kwake kusema kweli hata inapotupinga. Anayeamini kwamba Mungu ndiye asili ya ukweli wote hana sababu ya kuogopa jibu la ua dogo la porini.