Abebe Bikila: Ajali ilimnyima mbio, haikumnyima raha ya kushindana

WENGI humkumbuka Abebe Bikila kwa jambo moja, kwamba mwaka 1960 alikimbia marathon jijini Roma bila viatu na akashinda. Ni wachache wanaokumbuka kwamba gwiji huyo wa Ethiopia aliangushwa mara tatu na maradhi na majeraha, na kwamba mara ya mwisho alirejea mashindanoni akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu.

Habari zake zinawahusu wakazi wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuliko inavyodhaniwa. Huko Mandera, Mto Daua ndio unaoitenganisha Kenya na nchi alikozaliwa. Na katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wapo watu ambao ajali za barabarani, maradhi au risasi ziliwageuzia maisha kwa siku moja. Swali walilobaki nalo ndilo lililomkabili Abebe: mtu aliyezoea kwenda kwa miguu yake hufanya nini miguu inapokataa?

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, eneo la Shewa. Kama ilivyo kwa watoto wengi wa jamii za wafugaji, alikua akichunga mifugo, na miguu ndiyo iliyokuwa chombo chake cha safari. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, majeshi ya Italia chini ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Baada ya vita hivyo kupita na yeye kuwa kijana, alikwenda Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie.

Ni katika kikosi hicho alikokutana na kocha Onni Niskanen kutoka Uswidi. Niskanen aliona kwamba askari huyo mwembamba na mkimya alikuwa na pumzi isiyokwisha na hatua nyepesi isiyopoteza nguvu. Akaanza kumwandaa kwa mbio za masafa marefu katika nyanda za juu zinazouzunguka mji mkuu.

Kule Roma, Abebe hakupata viatu vilivyomkaa sawasawa. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu, aliamua kukimbia vivyo hivyo. Marathon hiyo ya Septemba 10, 1960 ilianza alasiri na kumalizika usiku, na sehemu ya njia iliangazwa kwa mienge iliyoshikwa na askari. Kwa muda mrefu alikuwa bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco.

Karibu na mwisho, wakimbiaji walipita mahali liliposimama nguzo ya mawe ya Axum, ambayo Waitalia waliing'oa Ethiopia na kuipeleka Roma mwaka 1937. Hapo ndipo Abebe na kocha wake walipokuwa wamepanga aongeze kasi. Alimwacha mpinzani wake na kufika kwenye Tao la Konstantino akiwa wa kwanza, kwa saa 2:15:16.2, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa na mtu yeyote. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Nguzo yenyewe ilirejeshwa Ethiopia mwaka 2005, na mwaka 2008 ikasimamishwa tena Axum.

Jaribu la kwanza la mwili lilimfika Septemba 1964. Zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla ya marathon ya Olimpiki ya Tokyo, Abebe alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Madaktari walibaini kwamba ni ugonjwa wa kidole tumbo, wakampasua. Wengi waliamini kwamba safari yake ya Tokyo imekwisha. Kushiriki tu kungekuwa ajabu, seuze kushinda.

Hata hivyo alisafiri. Alianza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, mpaka mwili ukaanza kukubali tena kazi aliyoujuza. Oktoba 21, 1964, safari hii akiwa amevaa viatu, aliwaacha wenzake wote na kuingia uwanjani peke yake. Alitumia saa 2:12:11.2, muda bora zaidi duniani wakati huo, na Mwingereza Basil Heatley aliyekuwa wa pili alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya dakika nne. Baada ya kuvuka utepe, Abebe hakujitupa chini. Alikwenda katikati ya uwanja, akalala kwenye nyasi na kuanza kunyoosha viungo, huku watazamaji wakimshangilia. Hakuna aliyekuwa ameshinda marathon ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Mkenya Eliud Kipchoge alikuja kufanya hivyo katika Michezo ya Rio ya 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Jaribu la pili lilikuwa na mwisho mwingine. Kuanzia 1967 mguu ulianza kumsumbua, na alipofika Mexico City mwaka 1968 kutafuta dhahabu ya tatu, alikuwa ameumia mfupa wa mguu. Alianza mbio Oktoba 20, lakini baada ya takriban kilomita 17 alilazimika kuacha. Kabla ya kutoka, alimhimiza mwenzake Mamo Wolde asonge mbele kwa niaba ya nchi yao. Mamo alishinda kwa saa 2:20:26, na dhahabu ya marathon ikabaki Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo.

Siku hiyo hiyo, katika mji huo huo, Mkenya Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 ingawa alikuwa akiugua kibofu cha nyongo na madaktari walikuwa wamemshauri asikimbie. Matukio hayo mawili yanaonyesha ukweli ambao wanariadha huukuta kwa uchungu. Kuna maumivu ambayo nia huweza kuyavumilia, na kuna jeraha ambalo nia haiwezi kulishinda. Abebe aliyekuwa ameshinda baada ya upasuaji hakuweza kushinda juu ya mfupa uliojeruhiwa. Akautambua mpaka huo, akasimama, na ushindi akamwachia mwenzake.

Miezi mitano baadaye yalimfika makubwa zaidi. Usiku wa Machi 22, 1969, Abebe alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen kaskazini mashariki mwa Addis Ababa lilipopoteza mwelekeo na kupinduka. Alinaswa ndani, na hakutolewa hadi asubuhi iliyofuata. Pingili za shingo yake zilikuwa zimeteguka na uti wa mgongo kujeruhiwa. Mwanzoni hakuweza kuitikisa mikono wala miguu. Alikuwa na umri wa miaka 36, mume na baba wa watoto wanne.

Kabla ya mwezi huo kwisha alisafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Hapo palikuwa na kituo cha majeraha ya uti wa mgongo kilichoanzishwa mwaka 1944 na daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi. Kabla ya Guttmann, wagonjwa wa aina hiyo aghalabu waliachwa kitandani wakisubiri kufa kwa vidonda na maradhi ya figo. Yeye aliwageuza vitandani, akawaketisha, kisha akawapa mipira, pinde na mishale. Kwake mchezo ulikuwa sehemu ya tiba. Uliimarisha mabega na mikono, ukarejesha uwezo wa kuketi bila kuanguka, na juu ya yote ukamfanya mgonjwa ajione tena kuwa mtu mwenye jambo la kulifanya kesho.

Julai 29, 1948, siku ambayo Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, Guttmann aliandaa shindano la kulenga shabaha kwa upinde kwa wanajeshi 16 waliojeruhiwa vitani. Kutoka mbegu hiyo ndogo iliota Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Na hapa historia ilikuwa na jambo lake. Michezo ya kwanza ya aina hiyo ilifanyika Roma mwaka 1960, siku chache tu baada ya Abebe kupokea nishani yake, na ya pili ikafanyika Tokyo mwaka 1964, wiki chache baada ya ushindi wake wa pili. Katika miji yote miwili alikokimbia hadi kileleni, watu waliokuwa kwenye viti vya magurudumu waliwasili nyuma yake kushindana kwa upinde, bila yeye kujua kwamba siku moja angekuwa mmoja wao.

Abebe alikaa Stoke Mandeville takriban miezi minane. Mikono ilirudi polepole, miguu haikurudi. Miongoni mwa waliomtembelea alikuwa Malkia Elizabeth II. Huzuni hakuikosa, lakini wageni waliomwendea kumpa pole walimkuta amelipokea jambo lake kwa utulivu. Aliamini kwamba aliyemjalia ushindi ndiye aliyeiruhusu ajali, na kwamba hakupaswa kuupokea wa kwanza kwa furaha na kuikataa ya pili kwa laana.

Imani hiyo haikumfanya akunje mikono. Mwaka 1970 alishiriki katika mashindano ya walemavu ya Stoke Mandeville, akilenga shabaha kwa upinde. Mikono ambayo mwaka mmoja kabla haikuweza kushika chochote sasa ilikuwa ikivuta kamba ya upinde.

Aprili 1971 alialikwa Norway kwenye michezo ya walemavu. Alialikwa kama mgeni wa heshima, lakini hakutaka kukaa jukwaani akitazama. Alishindana kwa upinde na katika tenisi ya mezani, kisha akaingia katika mbio za vigari visivyo na magurudumu vinavyokokotwa na mbwa juu ya theluji. Mtoto huyo wa Shewa aliwashinda washindani wote 16 kwa muda wa saa 1:16:17. Kwa mara nyingine upepo ulimpiga usoni, njia ikamfungukia mbele, na wenzake wakabaki nyuma. Hazikuwa mbio kama zile za Roma, lakini raha aliyokuwa akiitafuta ilikuwa ile ile.

Mwaka 1972 alihudhuria Michezo ya Olimpiki ya Munich akiwa mgeni maalumu. Alipoingizwa uwanjani katika kiti chake, umati ulisimama na kumshangilia. Mmarekani Frank Shorter, aliyeshinda marathon mwaka huo, alikwenda kumpa mkono. Mamo Wolde alimaliza wa tatu.

Abebe alifariki dunia Oktoba 25, 1973, akiwa na umri wa miaka 41, kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililohusishwa na ajali ile. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria mazishi yake jijini Addis Ababa, na Haile Selassie akatangaza siku ya maombolezo ya kitaifa. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alipinduliwa. Hata hivyo, jina la Abebe halikuondoka na utawala ule, na hadi leo uwanja mmoja wa michezo wa mji mkuu unaitwa kwa jina lake.

Yapo mambo mawili katika maisha haya ambayo Garissa haina budi kuyatazama kwa makini. La kwanza ni kwamba Abebe hakuinuka kwa ushujaa wake pekee. Alipata ndege, hospitali yenye ujuzi, kiti cha kumfaa na daktari aliyeamini mchezo. Hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka Garissa, na mbali zaidi kutoka Mandera. Kiti cha magurudumu nacho hukwama katika mchanga. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kuheshimiwa na kufika mahali pa umma, lakini haki hiyo huonekana pale tu panapojengwa njia, mlango na uwanja wa kumpokea.

La pili ni kwamba kurejea si lazima kuwe kule kule mtu alikotoka. Aprili 2, 2015, magaidi waliposhambulia Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret ili waendelee na masomo, katika nyanda ambazo dunia inazijua kwa wakimbiaji wake. Kwa waliobaki na majeraha, hapakuwa na njia ya kuifuta siku ile wala ya kurudi kuwa kama walivyokuwa jana yake.

Abebe naye hakurudi kuwa yule wa Roma. Alimaliza maombolezo ya miguu yake, akatazama kilichosalia, akakuta mikono, macho na hamu ya kushinda. Kwa hivyo vitatu alipata upinde, akapata theluji, na miaka michache aliyobakiwa nayo akaiishi akiwa mwanamichezo.