Hendrick Avercamp, Bubu wa Kampen

Katika nchi ya Uholanzi alizaliwa mtoto aliyeitwa Hendrick Avercamp. Alibatizwa katika mji wa Amsterdam mwezi wa Januari, mwaka 1585. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Kampen, mji mdogo ulio kando ya mto IJssel, na baba yake akawa mwuza dawa wa mji ule. Baadaye ilijulikana ya kuwa mtoto yule ni bubu, hawezi kutamka hata neno moja. Siku zile bubu hakuwa na njia nyepesi ya kujipatia riziki.

Lakini hakuachwa akae bure. Alipokuwa kijana alikwenda Amsterdam kujifunza uchoraji kwa fundi mmoja, jina lake Pieter Isaacksz. Kisha akarudi Kampen, akafanya kazi huko mpaka mwisho wa maisha yake.

Katika nchi za kaskazini, wakati wa baridi kali, theluji huanguka kutoka mawinguni, nyeupe na laini kama pamba. Maji ya mito nayo huganda, yakawa magumu kama jiwe, hata watu hupita juu yake kwa miguu. Zamani zile baridi ilikuwa kali kuliko ya siku hizi, na ile ya mwaka 1607 hata 1608 ilizidi sana. Wengine waliiona kuwa adha tu, bali Avercamp aliitazama kwa makini, akaichora.

Alichora juu ya mbao, kwa rangi zilizosagwa na kuchanganywa na mafuta. Aliona ya kuwa theluji si nyeupe tupu. Kwa hiyo alitia ndani ya rangi nyeupe wekundu kidogo, au manjano kidogo, au rangi ya majivu, kwa kadiri ya mwanga wa siku. Nyumba zilizo karibu alizipa rangi nzito. Zilizo mbali alizipa rangi hafifu, hata za mwisho zikawa kama moshi, zikapotea katika mbingu.

Picha yake moja iliyo mashuhuri, aliyoichora yapata mwaka 1608, imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Amsterdam iitwayo Rijksmuseum. Mtazamaji huona mambo yote kana kwamba amesimama mahali pa juu. Kuna nyumba zenye theluji juu ya mapaa, na miti isiyo na majani. Juu ya barafu wamejaa watu: matajiri wenye mavazi mazuri, maskini, wazee na watoto. Wengine wanateleza kwa viatu vyenye chuma chini yake, wengine wameanguka. Pembeni pana mlango mkuukuu uliotegwa kwa kijiti ili kunasa ndege. Hakuficha huzuni ya baridi pia, kwa maana mzoga umelala hapo, unaliwa.

Watu walinunua picha zake, na jina lake likaenea. Hata hivyo mama yake hakuacha kumhangaikia. Mwaka 1633, alipoandika wasia wake, alimkumbuka mwana wake bubu, akaagiza apewe fedha zaidi kila mwaka, ili asije akapata shida. Lakini Hendrick hakuzihitaji kwa muda mrefu. Mwezi wa Mei, mwaka 1634, alikufa, akazikwa Kampen katika kanisa la Mtakatifu Nikolao.

Kazi yake haikufa pamoja naye. Barent, mtoto wa ndugu yake, alishika kazi ile ile, akachora baridi kama yeye. Na hata leo, ikiwa imepita zaidi ya miaka 300, watu wakitaka kujua jinsi Waholanzi wa zamani walivyoishi katika theluji, hutazama picha za Avercamp. Asiyeweza kusema amewasimulia mengi kuliko wasemaji.