Louise Farrenc: Mpiga Piano Aliyedai Ujira wa Haki

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Louise Farrenc, mpiga piano na mtunzi wa Ufaransa, hakungoja kupewa haki hiyo, aliidai mwenyewe.

Alizaliwa jijini Paris tarehe 31 Mei, 1804, katika ukoo wa Dumont uliosifika kwa uchongaji wa sanamu. Alianza kucheza piano utotoni. Alipotimu umri wa miaka 15, alifundishwa utunzi na Anton Reicha, mwalimu wa Chuo cha Muziki cha Paris. Ikumbukwe kuwa wakati huo darasa la utunzi chuoni humo lilikuwa la wanaume pekee.

Mnamo 1821 aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi aliyekuja kuwa mchapishaji wa muziki. Mume huyu hakuizima nyota ya mkewe; alizichapisha tungo zake. Binti yao, Victorine, alizaliwa mwaka 1826.

Mwaka 1842 Louise aliteuliwa kuwa profesa wa piano katika chuo hicho, wadhifa alioushikilia kwa miaka 30. Wanafunzi wake walitia fora, akiwemo Victorine, aliyetwaa tuzo ya kwanza ya piano mwaka 1844. Hata hivyo, mshahara wa Louise ulikuwa chini ya ule wa maprofesa wenzake wa kiume, ingawa kazi ilikuwa ile ile.

Machi 1850, utungo wake wa ala tisa, za nyuzi na za kupuliza, ulichezwa hadharani kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa wachezaji alikuwamo kijana Joseph Joachim, mpiga fidla aliyevuma baadaye kote Ulaya. Hadhira ilisisimka. Mwaka huo huo Louise alimwandikia barua mkurugenzi wa chuo, Auber, akitaka alipwe sawa na wenzake. Ombi lake likakubaliwa. Sifa zake zilikuwa bayana kwa miaka minane, lakini hazikumwongezea ujira hadi alipoushika mwenyewe wino na karatasi.

Furaha hiyo haikudumu. Victorine aliaga dunia mwaka 1859 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tangu hapo kalamu ya utunzi ya mama huyu ilinyamaza. Badala yake, yeye na mumewe walijitosa katika kukusanya na kuhariri muziki wa kale wa piano na vinanda vilivyoitangulia. Juzuu za mwanzo zilitoka mwaka 1861. Aristide alipofariki mwaka 1865, mjane wake aliendelea na kazi hiyo hadi 1874.

Alifariki tarehe 15 Septemba, 1875. Simfonia zake tatu hazikuchapishwa akiwa hai, na jina lake likafifia kwa takriban karne nzima kabla ya okestra kuanza kuzifufua. Aliyehifadhi kazi za waliomtangulia alikosa wa kuzihifadhi zake kwa wakati. Hilo nalo ni deni la haki, na hulipwa kila tungo zake zinapochezwa.