Carey Francis na Heshima ya Uwanja

Kila yawadiapo mashindano ya shule hapa Nakuru, na minong'ono ya wachezaji mamluki ikaanza, humkumbuka marehemu Edward Carey Francis, ingawa hakupata kunifundisha.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawa mhadhiri wa hisabati Cambridge. Mwaka 1928 aliiacha nafasi hiyo akaja kufundisha Maseno. Kuanzia 1940 hadi 1962 aliiongoza Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu. Huko kandanda haikuwa kipumbao. Ilikuwa sehemu ya malezi, sawa na hisabati. Mvulana alitakiwa ajitume, na atii kipenga.

Simsifu kwa yote. Alikuwa mkali mno, na wanasiasa wetu wengi hakuwaamini. Lakini alipostaafu hakurejea kwao. Alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, hadi mauti yalipomfika mwaka 1966.

Walimu wenzangu, kikombe kipatikanacho kwa hila humfunza mtoto hila. Heri turudi mikono mitupu, nyuso zetu zikiwa juu.