Denis Burkitt, munganga wa jicho moja

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11, jiwe lilimharibu jicho moja. Hata hivyo akasomea upasuaji. Mwaka 1946 akafika Uganda: kwanza Lira, kiisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Haikupita muda akaona mwingine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kansa hiyo inapatikana wapi. Njo vile ikapewa jina lake. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ndani yake vipande vya kromosomu vimehama mahali pake.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, aligeukia utumbo mpana. Afrika aliona kansa yake ni haba, akasema ni kwa sababu watu wanakula maharagi, mboga na unga usiokobolewa. Alifundisha hivyo mpaka alipokufa mwaka 1993.

Lakini sombe na bukari peke yake havitoshi. Leo inajulikana kwamba wengine wanaugua kabla ya miaka 50 kwa jeni mbovu za kurithi. Uvimbe wenye alama ya jeni hizo ukionekana mapema, mara nyingi matumaini ni mazuri. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anayeona damu chooni asingoje: amwone munganga, amwambie pia nani katika jamaa aliugua hivyo.